Kinga Mgongoni

Troyeville, Johannesburg
12 Machi 2017

Yaya Marcelline,

Jambo sana, dada yangu mkubwa, kutoka huku kwenye kilima chetu. Sisi wazima. Mke wangu Benita bado anasuka nywele kule Marshalltown; mgongo unamsumbua lakini mdomo haujambo kabisa. Mtoto wetu Shekinah ameanza shule. Nikimwambia "njoo ule bukari" ananielewa vizuri sana, kisha ananijibu Kizulu na kuniacha nimeshika sahani ya ugali. Pua ni ya mama yetu, kiburi ni chako.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu kila nikikuuliza jambo unasema "ça va, ça va", na mtandao unakatika hapo hapo. Nimechoka, yaya. Mama Jeannine anarudi Lubumbashi na mizigo yake ya duka, nimemwomba abebe hii. Barua haikatiki.

Sasa neno lenyewe. Nimeacha kuwapunguzia watu suruali. Mimi na Tabia, mama mmoja Mtanzania wa Tanga, fundi wa kukata, tumeanza nguo zetu wenyewe. Tuna vyerehani viwili na chumba kimoja hapa Troyeville, juu ya spaza, kiduka cha mtaani. Tunashona koti moja tu, la watu wa baiskeli. Na jina lake ni KINGA! Nani asiyejua kinga? Lubumbashi nzima inajua kinga.

Mkato ni wako. Ni lile koti la baba, lile ulilomshonea akiwa anasukuma makala, yale magunia ya mkaa, kwa baiskeli: mgongo mrefu usipande akiinama, na bega la kulia peke yake lenye kitambaa mara mbili, mshono juu ya mshono. Watu wa hapa wanashangaa. "Kwa nini bega moja?" Nawaambia, baba yangu alikuwa mpanda baiskeli wa Katanga. Wanapenda sana hadithi hiyo. Jumamosi wanapanda kilima, wanashuka mpaka Bezuidenhout Valley, wanakunywa kahawa, wanarudi nyumbani. Hawaendi popote, yaya! Wanazunguka tu, na wanafurahi.

Tumekubaliana jambo moja na Tabia: tusile peke yetu. Wateja wakinunua baiskeli mpya wanatuachia za zamani, tunazitengeneza, tunazituma kwenu kwa wasukuma makala wa barabara ya Likasi. Utazigawa wewe. Nisalimie wote. Shemeji Alexis hajambo kule mgodini?

Mdogo wako,
Emery

*

Lubumbashi
30 Mei 2017

Emery mdogo wangu,

Barua yako imefika inanuka viatu vya plastiki. Mama Jeannine alikwama mpakani Kasumbalesa, halafu akaiweka kabatini akasahau. Mimi nilijua ipo, maana aliniambia sokoni kwa sauti ili watu wasikie kwamba ndugu yangu yuko Afrika Kusini. Nimemfuata mpaka akachoka na uso wangu.

Tuko wazima. Mvua imekwisha, baridi imeanza, vumbi limerudi kwenye sufuria. Mama anakula vizuri na anamtukana kila mtu kwa jina lake sahihi, basi akili ipo. Kanisani wamenipa kushona mavazi ya kwaya, zambarau, rangi isiyompendeza mtu yeyote. Alexis anakoroma kama zamani.

Hongera kwa koti. Nimefurahi, na nimekasirika kidogo pia, usiseme sikukuambia. Kwanza, lile bega. Umeliweka sawa? Kitambaa cha ndani kikatwe mshazari, la sivyo kitavuta kwapa. Pili, nani amekuambia baba alikuwa mpanda baiskeli? Baba hakupanda, Emery. Baba alisukuma. Magunia yalikuwa yanamzidi urefu, angekaa wapi? Bega lile liliisha kwa kuegemea magunia kwenye vilima, kwa miaka yote uliyokuwa ukila na kusoma. Waambie hivyo hao wa kahawa. Kama hawapendi, wanywe chai.

Baiskeli zilete tu. Hakuna anayekataa kitu cha bure huku.

Shekinah umfundishe kujibu. Mtoto anayesikia tu, siku moja atasikia tunamsema vibaya na hataweza kujitetea.

Yaya wako,
Marcelline

*

Troyeville
19 Agosti 2017

Yaya,

Baridi ya hapa inaingia kwenye mifupa na haina hata adabu ya kubisha hodi. Shekinah alipata kikohozi, kimepona. Benita amebadilisha mahali pa kusukia, sasa yuko karibu na kituo cha mabasi ya Braamfontein, anasuka wanafunzi wa chuo, Wakenya na Watanzania, na kila jioni analeta udaku mpya.

Udaku mmoja ni wetu. Wanacheka jina la koti! Tabia alikuwa anajua tangu mwanzo na alikuwa ananificha. Juzi nikambana. Akaweka mkasi chini, akasema, "Baba Shekinah, kwetu kinga ni kitu cha kukukinga. Kinga ya malaria. Kinga ya wachawi." Akauchukua mkasi tena. Kisha akamalizia, "Na ile ya wanaume, ya kwenye pakiti." Eish! Nilitaka sakafu ipasuke. Miezi yote hii naning'iniza koti dirishani lenye neno hilo, na watoto wa watu wanapita wanasoma. Nikamwambia, kwetu kinga ni baiskeli, basi. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nilikuachia, ulikuwa unalisema kwa raha."

Tangu siku hiyo situlii. Nikimwona mtu anatabasamu mbele ya dirisha, najua anacheka nini. Nimetembea Commissioner Street yote nikitafuta jina jingine kichwani, nikavuka taa ya robot ikiwa nyekundu, nikatukanwa na teksi kwa lugha tatu.

Bega nimelirekebisha kama ulivyosema, ulikuwa sahihi, usivimbe kichwa. Baiskeli zimeondoka na lori la mfanyabiashara mmoja wa Kolwezi. Ni nzuri, yaya, nyepesi, unainua moja kwa mkono mmoja.

Swali: nilimuuliza shemeji Alexis hajambo mgodini, ukanijibu anakoroma. Mgodini anakoroma?

Emery

*

Lubumbashi
8 Novemba 2017

Mdogo wangu,

Mama anakusalimia. Amesema ukija ulete shuka, si picha. Mavazi ya kwaya yamekwisha; mchungaji amesema tunafanana na malaika, mke wake amesema tunafanana na biringanya. Mvua ya kwanza imenyesha, paa la jikoni limetaja madhambi yake yote.

Baiskeli zimefika. Nitakuambia ukweli kwa sababu mwingine hatakuambia. Niliwaita wasukuma makala uwanjani kwa kanisa, wakaja na furaha, wakakushukuru, tukaomba. Kisha mmoja akapakia magunia yake pale pale ili ajaribu. Rimu ilijikunja kama karatasi. Yule mtu akaanza kuniomba msamaha mimi, unaelewa? Ameharibiwa kazi ya siku na bado ananiomba msamaha.

Emery, umesahau. Kinga ya huku si ya kukalia. Inachomelewa nondo, inafungwa mbao, tairi zake zinajazwa matambara. Ni punda. Wewe umetutumia vipepeo. Mbili nimewapa wauguzi wa zahanati, wanakwenda nazo kwa akina mama waliojifungua, na nyingine amepewa mwalimu. Zilizobaki ziko kwangu nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake.

Usilie. Moyo wako tumeuona. Lakini kabla ya kutoa kitu, uliza.

Alexis yuko njiani, akirudi nitamsalimia.

Marcelline

*

Troyeville
11 Februari 2018

Yaya Marcelline,

Heri ya mwaka ambao umeshazeeka. Tuko wazima, Mungu anasaidia. Kuna siku za Desemba tulifunga mlango kwa sababu ya maneno maneno ya mtaani, wageni hivi, wageni vile, lakini yalipita. Wewe unajua tunavyoishi: viatu karibu na kitanda.

Barua yako ya vipepeo niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tabia alisema, "Basi tuwape kile tunachojua kushona." Kwa hiyo nakutumia makoti matano. Kitambaa kizito, mkato wa baba, bega lako. Mgongoni Tabia ameshona jina kwa ule utepe unaong'aa, wa makoti ya wajenzi wa barabara. Herufi ni kubwa mpaka zinachekesha, lakini ukizimulika zinawaka mbali sana. Wagawie wasukuma wako.

Ni ya mwisho yenye jina hilo. Duka moja la Braamfontein, zuri, lenye vioo mpaka chini, limekubali kutuweka dirishani, lakini mwenyewe amesema KINGA watu hawalielewi na wanaolielewa wanacheka. Anataka KASI. Sikiliza uzuri wake: kwa Kiswahili cha akina Tabia kasi ni mwendo wa haraka, na kwa vijana wa hapa kasi ni mtaani kwao, township. Neno moja, kila mtu anapiga kifua! Lebo zitatengenezwa baada ya Pasaka. Hatimaye nitalala.

Lakini silali. Na sababu ni wewe. "Alexis yuko njiani." Njia ya wapi? Nilimpigia mwenyewe. Akasema, "Sawa sawa shemeji, niko kazini," na nyuma yake nikasikia malori na upepo na mtu anahema. Mgodini hakuna upepo kama ule. Nikauliza kazini wapi, akasema mtandao unakatika. Mmefundishana?

Nijibu hilo tu. Mengine yote acha.

Emery

*

Lubumbashi
27 Machi 2018

Emery,

Sina salamu leo, mama yuko mzima, hiyo inatosha.

KASI. Ulipoandika nilicheka kwanza. Kwa Kilingala kasi ni "lakini". Utawashonea watu "lakini" mgongoni, waende nayo barabarani? Kisha nikasoma kwamba kwa Kitanzania ni mwendo wa haraka, na kicheko kikaisha. Mwendo wa haraka, Emery! Ndio uliomuua baba. Lori lilikuja na mwendo wa haraka, gizani, kabla kuku hawajawika vizuri, barabara ya Likasi, na dereva alisema hakuona kitu. Mimi ndiye niliyelitambua koti, kwa bega. Wewe unataka kulichukua koti lile lile na kuliandika jina la kilichomgonga. Weka dirishani, basi. Vioo mpaka chini.

Umeniuliza, nakujibu. Mgodi ulipunguza watu mwaka juzi na Alexis alikuwemo. Aligonga milango ya mji mzima. Sasa anasukuma makala. Anatoka giza, anarudi giza, barabara ile ile. Nilikuandikia anakoroma, na upande wake wa kitanda ulikuwa umepoa tangu alfajiri. Mimi nabaki macho, nahesabu malori kwa masikio.

Ningekuambiaje? Kila barua ulikuwa unaandika habari za baba kama hadithi tamu iliyokwisha, watu wanaisikiliza na kahawa. Ningesema nini, kwamba haijaisha, imehamia kwangu? Alexis naye hataki ujue. Ulipotuma zile baiskeli alisimama nyuma ya umati pale kanisani ili mtu asiseme shemeji wa mwenye baiskeli anasukuma gunia.

Makoti yamefika. Yako sandukuni. Sitampa koti la msaada mume wangu mbele ya watu.

Usinipigie simu. Nitalia na majirani watasikia.

Marcelline

*

Troyeville
9 Aprili 2018

Yaya,

Mama Jeannine anaondoka mchana huu, naandika juu ya magoti.

Fungua sanduku. Toa koti moja, lile lenye mikono mirefu, Alexis ni mrefu. Mvalishe. Nakuomba, yaya. Si la msaada. Mkato ni wako, bega ni lako. Mke amemshonea mume wake, nani atasema neno? Mimi nilishika mkasi tu. Yale manne mengine wape wanaotembea naye, wawe kundi, ili asione haya peke yake.

Nilipiga simu hata hivyo, mara nyingi. Haiiti.

Lebo nimezisimamisha. Mwenye duka amekasirika, amesema sisi watu wa huko hatujui biashara, ameondoa koti dirishani. Tabia amemjibu kwa Kiswahili, sitaandika alichosema. Tumerudi kwenye dirisha letu juu ya spaza. Sijui tutafika wapi, yaya, sijui kama mwezi ujao chumba hiki bado ni chetu, na sasa hivi sijali.

Wateja wangu nimewaambia ukweli. Jumamosi iliyopita, wakiwa wamesimama na baiskeli zao, niliwaambia baba hakupanda, alisukuma, na aligongwa. Hakuna aliyekunywa kahawa yake. Mama mmoja alishika lile bega la koti lake akaliangalia muda mrefu. Sasa wanataka kila koti wanalonunua, jingine liende barabara ya Likasi. Safari hii nauliza kwanza: tulete?

Mvalishe tu. Kila lori linalopita hapa chini nalisikia sasa. Benita anasema nimekuwa kama wewe.

Nakupenda, nakuogopa,
Emery

*

Lubumbashi
4 Juni 2018

Emery mdogo wangu,

Mama Jeannine anakuja huko kesho na amenikalia hapa mlangoni, kwa hiyo nikikosea herufi ni kosa lake.

Koti nilimpa. Tuligombana siku nzima. Alisema hatavaa nguo inayopiga kelele. Nikamwambia basi avae lile la kwaya, la zambarau. Akalivaa la kwako. Wale wanne walichukua bila maneno. Sasa wanatembea mstari mmoja, na watu wamewapa jina, wanawaita Wakinga. Mmoja ameoga tangu apewe koti, hilo nalo ni jambo.

Jumanne iliyopita Alexis alikuwa wa nyuma. Giza, vumbi, mlima ule baada ya daraja. Lori likatokea nyuma yake, la kubeba shaba, na mzigo wote, na mwendo wote. Alexis anasema alisikia na akajua. Hakuwa na pa kwenda, kulia mtaro, kushoto barabara, na magunia mbele. Akafumba macho. Kisha akasikia breki, ndefu, mpaka harufu ya mpira ikamfikia. Lori likasimama. Alinyoosha mkono nyuma akaligusa, Emery. Aliligusa.

Dereva akashuka mbio. Mtanzania, wa Mbeya. Akawa anapiga kelele, "Wewe mtu! Naona maneno yanawaka njiani, KINGA, KINGA, nikajiuliza kinga ya nini saa hizi? Nikasema kuna jambo mbele, nikakanyaga breki kabla sijakuona wewe!" Alexis akamwambia, "Kinga ni hii," akapiga usukani wa baiskeli. Dereva akatikisa kichwa. "Hapana, ndugu yangu. Kinga ni hiyo uliyovaa." Walibishana pale barabarani, Emery, watu wazima wawili, huku wanalia, kila mmoja anamfundisha mwenzake Kiswahili.

Mwambie Tabia alikuwa sahihi. Wewe nawe ulikuwa sahihi, usivimbe kichwa.

Jina usiliguse. Wakicheka, wacheke. Makoti yalete, na safari hii usimtume mtu kwangu na maneno ya msaada: lete vitambaa na utepe, mabega nitashona mimi, mshazari, nami nina vijana wawili wa kwaya wenye mkono mzuri. Alexis amesema atakuandikia mwenyewe. Hataandika, unamjua. Jana alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, ameandika "Shemeji", amefika hapo.

Leo ni Jumatatu na hakwenda. Ameniomba siku moja ya kulala, jua limepanda na bado yuko kitandani. Mama Jeannine anauliza ni nini kinachonguruma ndani. Nimemwambia ni mume wangu, anakoroma, na mtu yeyote asimwamshe.

Yaya wako,
Marcelline